Wote tulisikia, ila nani alikuuliza?

Mhariri, Bwana asifiwe. Swali lenu la wiki hii mmeuliza kwa nini watu wanakaa benchi moja, wanasikia mahubiri yale yale, halafu mwaka ukiisha mmoja kakua kiroho na mwenzie yuko pale pale au karudi nyuma kabisa. Najua wengi watajibu kwa mfano wa mpanzi, Mathayo 13, njiani, penye mawe, kwenye miiba, udongo mzuri, wamemaliza. Sina ubishi na mfano ule, ni wa Bwana mwenyewe, ila sisi tunausoma kama orodha ya aina za watu, fulani ni mawe, fulani ni miiba, na ajabu ni kwamba sijawahi kumsikia mtu anasimama kutoa ushuhuda akasema yeye ndo ile njia ambayo ndege walikula mbegu, kila mtu ni udongo mzuri na jirani yake ndo mwenye miiba.

Jibu langu mimi ni fupi, halafu nitalielezea kwa kirefu: tofauti kubwa haiko kwenye kusikia, iko kwenye nini kinatokea baada ya kusikia, yaani kuna mtu anayekujua akakufuata na kukuuliza au hakuna.

Mimi nimekulia Bukoba kwenye familia ya Kilutheri, kwa hiyo habari za Uamsho, yaani ule mwamko wa kiroho wa Waprotestanti ulioenea Afrika Mashariki, nimezisikia kabla hata sijaanza darasa la kipaimara, kina bibi walikuwa wanaimba Tukutendereza, wimbo wa Uamsho wa Kiganda, wanapalilia migomba. Uamsho wenyewe wengi tunajua ulianzia Gahini kule Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, daktari wa pale, Mwingereza Joe Church, alikutana na Mkristo Mganda Simeon Nsibambi kule Kampala mwaka 1929, wakasoma Biblia pamoja wakaomba, akarudi na moto huo Gahini. Sasa mtu ambaye habari zake mimi huwa zinanigusa zaidi ni Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa kiongozi wa wafanyakazi Waafrika pale hospitalini, mtu wa kazi, Mkristo, na kwenye hospitali ya misheni ibada hazikosekani, kwa hiyo mahubiri alishayasikia mpaka basi. Hayakumfanya chochote, na alikuwa na manung'uniko kibao kuhusu kazi na wazungu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ndo akaenda Kampala kumwona Nsibambi, na inasimuliwa kwamba alipomwagia malalamiko yote ya Gahini, Nsibambi hakumpa pole wala hakumhubiria, alimgeuzia kibao, akamuuliza habari za moyo wake yeye mwenyewe. Jamaa akaondoka hajafurahi, ila yuko njiani kurudi ndo likamwingia, na baadaye akawa mmoja wa nguzo za Uamsho. Angalieni hapo, Neno ni lile lile alilokuwa analisikia kila siku, kilichoongezeka ni mtu mmoja wa kumuuliza swali ambalo hakulipenda.

Na kwenye Matendo ya Mitume ni hivyo hivyo. Apolo alikuwa msemaji hodari, anayajua Maandiko, anafundisha kwa bidii, lakini kuna kitu kilipungua, Priskila na Akila walipomsikia hawakumsema pembeni wala kumkosoa mbele za watu, walimchukua kwao wakamweleza zaidi. Kwao! Nyumbani. Sisi mtu akihubiri vibaya tunamrekodi tunamrusha kwenye grupu la kwaya.

Sasa kuna watu wanadhani anayekua ni yule aliyelia siku ya mkutano. Hapana jamani. Filipi, Matendo 16, wahubiri ni wale wale, Paulo na Sila, mji ni ule ule, Lidia mfanyabiashara wa nguo za zambarau anafunguliwa moyo kando ya mto kwenye maombi, kimya kimya tu, halafu mlinzi wa gereza yeye mpaka tetemeko la ardhi na upanga mkononi. Timotheo naye hana hadithi ya kusimulia, imani kaipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, angekuja leo kwenye semina akaambiwa atoe ushuhuda wa alivyookoka angekosa cha kusema, na wale wenye shuhuda za kuvuta bangi wangemwona hajaokoka sawasawa. Mimi nimeimba kwaya na watu wa aina zote mbili na kwa macho yangu sijaona machozi yanasaidia kujua nani atakuwepo baada ya miaka kumi. Unakuta yule aliyegaragara chini hayupo, na yule aliyekuwa anakaa nyuma karibu na mlango ndo mzee wa kanisa.

Kwenye Uamsho wa zamani walilijua hili ndo maana walishika sana ile feloshipu ya kila wiki. Wanaita kutembea nuruni. Unakaa na ndugu zako, unasema wiki hii umefanya nini, umemdhulumu nani, ukiwa ulichukua mali ya mtu unarudisha, na siyo mchungaji anakuuliza, ni jirani yako unayemkuta kisimani. Watu wengi hawakuipenda, mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha teolojia Mukono, Uganda, wakubwa wa chuo waliona ni uasi, wao waliona ni Roho. Nao Wakristo wa Uamsho kule kwa Wakikuyu wakati wa Mau Mau, miaka ya 1950, walikataa kiapo na wengi wakakataa pia bunduki za serikali ya mkoloni, wako waliouawa, na mtu hafiki hapo kwa mahubiri ya Jumapili peke yake, amefika kwa sababu ana kundi. Hata kwetu, Askofu Josiah Kibira aliyekuja kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Kilutheri Duniani, 1977 mpaka 1984, alikuwa mtoto wa Uamsho huu huu wa feloshipu za vijijini.

Najua kuna mtu anasoma hapa anataka kuniuliza, na Rwanda je? Ni haki yake. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuhadithiwa, mwaka 1994, kwenye mauaji ya kimbari, mto Kagera ulikuwa unaleta maiti mpaka Ziwa Victoria, na mwisho wa Aprili walivuka mpaka pale Rusumo watu zaidi ya laki mbili kwa siku moja hivi wakaingia Ngara. Nchi ambayo Gahini iko ndani yake. Watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na wauaji wengine walikuwa wamebatizwa na wana kadi za kanisa. Hapo hapo wako Wakristo waliowaficha majirani darini na kwenye migomba, na wako waliokufa kwa kukataa kutenganishwa na ndugu zao wa kabila lingine. Wauaji na waokoaji, wote mafundisho ya kanisa waliyasikia yale yale.

Mimi hili limenisumbua miaka mingi na sidhani linavunja nilichosema, linakikaza. Kundi kuwepo haitoshi, swali ni kundi linakuuliza nini. Kama tunaulizana habari za pombe, za nyumba ndogo, za fedha ya sadaka, lakini hakuna hata mmoja anayethubutu kumuuliza mwenzie anawaonaje watu wa kabila lile, basi hiyo sehemu ya moyo haijawahi kulimwa, inakaa na kichaka chake, na mtu anakua kiroho upande mmoja tu, upande wa pili bado ni mpagani na hajijui. Halafu kuna makundi yaligeuka kuwa polisi, unaulizwa kwa nini umekopa, kwa nini umevaa hivi, mpaka watu wanajifunza kuungama dhambi ndogo ndogo ili wasiguswe kwenye zile kubwa.

Tukija kwa leo, mjini hapa tuna mikutano ya maelfu, spika za kufa mtu, watu wanajaza fomu za kuokoka na namba za simu, Jumatatu nani anapiga zile namba? Kwenye mtaa wetu kijana aliokoka kwenye mkutano wa uwanjani, mtu wa kwanza kumpigia simu baada ya pale alikuwa anamkumbusha ahadi ya mchango wa viti. Huyo asipokua mtasema ni mawe?

Shemeji yangu ni Mkatoliki, wao wana jumuiya ndogo ndogo, maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizikazia tangu miaka ya 1970, wazo zuri kuliko yote mimi naona, familia kadhaa za jirani, Injili, maombi. Ila na yeye anasema siku nyingi jumuiya ni kuhesabu mahudhurio na michango, watu wanakuja kwa kuogopa siku wakifiwa wakakosa padri wa kuzika. Sisi Walutheri tusicheke, nyumba kwa nyumba zetu, ile ibada ya majirani majumbani, nazo ni vile vile, somo dakika kumi, matangazo nusu saa, chai.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi kwa nini wengine hawakui, naomba na mimi niwaulize wachungaji wanaosoma gazeti hili: mtu asipoonekana kanisani Jumapili tatu, kwenu ni nani anajua wa kwanza, mhasibu au jirani yake? Sisi kwenye nyumba kwa nyumba yetu tumekubaliana daftari la michango lifunguliwe mwisho kabisa, baada ya kila mtu kusema wiki yake ilikwendaje. Wawili wameacha kuja, wanasema tunawapotezea muda. Mama mmoja ambaye miaka yote alikuwa hafungui mdomo juzi ameongea mpaka chai ikapoa.

Msomaji wenu, Mwanza