Usiahidi kwamba muunganisho utajifunga

Umeuliza kama sentensi ya rasimu ya nyaraka za maktaba yenu ya Python, "muunganisho hujifunga wenyewe ukishaacha kutumika", ibaki ilivyo. Mimi ningeiondoa. Kwenye CPython, yaani Python ya kawaida, mara nyingi hilo hutokea papo hapo, kwa sababu marejeo ya kila kitu huhesabiwa na kitu hufutwa yakiisha; PyPy, toleo jingine la Python, husubiri hadi mkusanya taka (sehemu inayofuta vitu visivyotumika kwenye kumbukumbu) apite. Isitoshe, nyaraka rasmi za Python zinasema hakuna hakikisho kwamba `__del__`, mbinu inayoitwa kitu kinapokaribia kufutwa, itaitwa kwa vitu vilivyobaki programu inapozimika. Java nayo ilianza kuwashauri watu waache `finalize()`, mbinu yake inayofanana na hiyo, tangu toleo la 9, mwaka 2017. Atakayeiamini sentensi hiyo ataishiwa miunganisho seva ikiwa kazini, na majaribio madogo hayatamwonyesha kosa.

Andika wazi ni nani mwenye jukumu la kufunga, na mfano wa kwanza kabisa utumie `with`, ambayo hufunga yenyewe kipande chake cha msimbo kikiisha, maana wengi hunakili mfano kabla ya kusoma maelezo. Je, kuita `close()` mara mbili ni salama? Hapa ndipo nyaraka nyingi hunyamaza. Mafaili ya Python yanaruhusu. Maktaba yenu je? Kosa la kutumia kilichokwisha fungwa nalo litajeni kwa jina. Kwa faili ni `ValueError`.