Jibu: Mwanasaikolojia wa ubongo kwa mitueli ya walimu, Bukavu

Jambo Mama Mwalimu. Umeandika kwamba Baba alianguka na pikipiki, skana haikuonyesha kitu, ila anasahau hata ulichomwambia sasa hivi, na unatafuta mwanasaikolojia wa ubongo, mpimaji wa kumbukumbu, atakayelipwa na mitueli, yaani mfuko wa bima ya afya wa walimu.

Usianze na mpimaji. Kwa baba mdogo wetu, mitueli ililipa hospitali yenye mkataba nayo, haikulipa mtu. Basi anza na daktari wa mitueli, akupe barua ya rufaa, ndipo uombe bon, karatasi ya mitueli ya kukubali kulipa. Barua isiseme "maumivu ya kichwa" tu! Itaje ajali, tarehe, na vipimo vya kumbukumbu na umakini. Karani anasoma barua, hasomi mgonjwa.

Mimi ningeuliza kwanza Sosame, hospitali ya afya ya akili ya Bukavu: je, mwanasaikolojia wenu anapima kumbukumbu, au ni mazungumzo tu? Wengi ni wa ushauri, wazuri kabisa, lakini kazi ni nyingine. Vipimo vinaweza kuwa kwa Kifaransa. Kama Baba si mtu wa Kifaransa, waelezeni mapema, la sivyo atashindwa lugha na wataandika ameshindwa kumbukumbu.

Vipimo vinaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo alale vizuri. Sehemu ya malipo ambayo bon haifiki, iulize mapokezi kabla hajaketi.