Ovalei ya Photoshop kwenye nodi: ukuta ulivyozama gizani na nilivyouinua

Salaam aleikum. Ndugu, umesema picha umeipamba Photoshop kwa leya ya ovalei (overlay: tabaka la juu linalochanganywa na picha ya chini), ukaja kuifuata hatua kwa hatua kwenye nodi za Blender, vile vijisanduku vya hesabu unavyounga kwa nyaya ndani ya programu hiyo ya 3D na video, rangi ile ile na asilimia ile ile, na bado inatoka picha nyingine kabisa. Mkono wako haujakosea. Lilinipata hilo hilo hapa Mombasa na likanikesha siku tatu.

Ilikuwa kazi ya harusi. Mpiga picha alimpiga bwana harusi jioni chini ya ukuta wa Fort Jesus, jiwe la matumbawe limeiva rangi ya asali. Familia ikaipenda sana ile picha, ikataka video nzima ifanane nayo. Mpiga picha akanipa faili na leya zake: rangi ya chungwa kwa ovalei, asilimia 40, na juu yake filta ya haipasi (high pass, inayobakiza kingo za vitu) ya kunoa. Nikaunga nodi zangu kama alivyopanga yeye. Ukuta ukazama gizani, kanzu ikaingia umanjano, na mabuibui ya kina mama nyuma yakawa doa moja jeusi lisilo na mkunjo hata mmoja.

Kanuni ya ovalei ni moja kote. Chukua picha ya chini: ikiwa thamani yake haifiki 0.5, jibu ni 2 × chini × juu. Ikizidi hapo, jibu ni 1 − 2 × (1 − chini) × (1 − juu). Tofauti iko kwenye namba zinazoingia humo. Photoshop, kwa picha ya kawaida ya biti 8, hupiga hesabu juu ya namba ambazo tayari zimepindwa na mkunjo wa sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi za skrini, na humo kijivu cha katikati ni 0.5. Blender, pamoja na Nuke na Natron ambazo nazo ni programu za nodi za kuunganisha picha, huinyoosha picha kwanza, hesabu ikafanyika kwenye linia, yaani namba zinazokwenda sawa na wingi wa mwanga wenyewe. Huko kijivu kile kile ni 0.214. Kwa hiyo jiwe lililokuwa mpakani limeangukia lote upande wa kuzidisha, na kuzidisha namba ndogo kwa namba ndogo ni kutia giza.

Dawa: geuza picha zote mbili kutoka linia kwenda sRGB kwa nodi ya kubadili nafasi ya rangi, zibane kati ya 0 na 1, changanya, kisha rudisha jibu kwenye linia. Asilimia ya ukolezi, ile 40, nayo iwe humo humo ndani, usiiweke baada ya kurudisha. Nuke ina tiki ya Video colorspace ndani ya nodi ya Merge (ya kuchanganya picha) inayofanya safari hiyo ya kwenda na kurudi. Kwenye Blender utaunga mwenyewe.

Wengi watakwambia tia nodi ya gama 2.2, yaani kipeo kimoja kwa namba zote, yatosha. Kwangu haikutosha. Mkunjo halisi wa sRGB si gama tupu. Pale chini kabisa kwenye giza una kipande kilichonyooka, na hapo ndipo buibui linapoishi. Nilipotia gama tupu ukuta ulikuja vizuri, vitambaa vyeusi vikakataa.

Na kabla ya yote, angalia namna Blender inavyokuonyesha picha (View Transform). Tangu toleo la 4.0 huanza na AgX, na kabla yake ilikuwa Filmic. Zote mbili hubadili rangi mwishoni kabisa, baada ya nodi zako zote, kwa hiyo unaweza kuwa umepatia hesabu na jicho likakataa. Hapo weka Standard. Usiku wangu wa kwanza mzima uliishia hapo.

Usiamini macho peke yake. Tengeneza Photoshop mraba wenye mpito (gradient) unaotoka nyeusi hadi nyeupe kwa mlalo, na mwingine kwa wima juu yake kama leya ya pili. Changanya, hifadhi jibu kwa PNG ya biti 16, na hifadhi mipito yenyewe pia. Ilete yote kwenye nodi, changanya kwa njia yako, kisha toa jibu lako kutoka kwa jibu la Photoshop kwa nodi ya tofauti na uzidishe kwa 50. Ukiona nyeusi tupu, umefika. Ukiona umbo lolote, umbo hilo linakwambia kosa liko wapi.

Hivyo ndivyo nilivyoigundua tofauti ya softi laiti (soft light), namna nyingine ya kuchanganya leya. Nusu moja ya mraba ilikuwa nyeusi safi, nusu ya pili inang'aa. Kumbe Blender hutumia kanuni moja mwanzo mwisho: 2 × chini × juu + chini² × (1 − 2 × juu). Photoshop hufuata hiyo mpaka leya ya juu ifike 0.5, kisha hubadili: 2 × chini × (1 − juu) + kipeuo cha pili cha chini × (2 × juu − 1). Nikaijenga nusu hiyo kwa nodi za hesabu, nyeusi ikatanda kote.

Haipasi ni nyepesi: toa nakala iliyotiwa ukungu kutoka kwa picha ya asili, ongeza 0.5, bana, halafu ovalei. Yote ndani ya sRGB.

Angalia na mpangilio wa matundu ya kuingizia picha kwenye nodi: kwenye Blender, kati ya yale mawili ya picha, tundu la juu ndilo picha ya chini, na kwenye Nuke ni B. Ukizipindua, ovalei inakuwa hadi laiti (hard light), namna inayopimwa kwa leya ya juu badala ya ya chini. Kitu chenye ukingo uliokatwa, kigawe kwa alfa (kipimo cha uwazi wa picha) kabla ya kugeuza rangi, ukizidishe tena baadaye, la sivyo shela la bi harusi litazungukwa na uzi mweusi.

Haya yote nayafanya pale tu ninapolazimika kufanana na picha iliyokwisha kukubaliwa. Mng'ao wa taa za ukumbini nauacha kwenye linia na kuujumlisha tu, maana mwanga wa kweli hujumlishana hivyo. Ukikwama, tupia hapa picha ya ule mraba wa tofauti nikuangalizie.