Gose ya Leipzig haikuwa imeharibika

Ndugu yangu, pole kwa mshtuko. Unasema uliagiza gose, ile bia ya Kijerumani, huko Leipzig, ukakuta ni chachu na ina chumvi, ukaiacha mezani ukidhani imeharibika. Haikuharibika, ndivyo ilivyo! Hupikwa kwa kimea cha ngano na cha shayiri, ikatiwa chumvi na mbegu za giligilani. Uchachu huletwa na bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha mtindi. Jina limetokana na mto Gose wa mji wa Goslar, ilikoanzia.

Ukirudi, usianze na funda kubwa. Nusa kwanza, giligilani itakujia kama ganda la limau lililokwaruzwa. Kisha nywa kidogo, uiache ulimini. Uchachu hutangulia, chumvi huja nyuma kabisa, kama unaporamba midomo baada ya kuoga baharini. Funda la kwanza hudanganya, mimi huamua baada ya la tatu. Iwe baridi, ila isiwe ya kugandisha meno, maana harufu yote itapotea.

Ikikushinda, omba watie sharubati ya matunda. Wenyeji nao hunywa hivyo, si aibu. Mimi naipenda bila kitu, na samaki wa kukaanga pembeni.