Rousseau Yupi? Ushauri kwa Wanaoanza Kuhariri Makala za Sanaa na Falsafa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya uhariri lilitokana na bidii. Nilikuta makala iliyosema kwamba Rousseau alizaliwa mwaka 1812, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma falsafa kidogo chuoni, nikaamini kwamba mpiga chapa ameteleza; nikaandika 1712, kisha nikaipeleka mtamboni. Mwandishi ndiye aliyekuwa sahihi. Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa, alizaliwa mwaka 1712, na Théodore Rousseau, mchoraji wa mandhari, alizaliwa Paris mwaka 1812, karne moja baadaye.

Msidhani kwamba maudhui yatawatenganishia watu hawa. Jean-Jacques alipenda kutembea mashambani na kukusanya mimea. Théodore alihamia kijiji cha Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, na mwaka 1852 akaiomba serikali ya Napoleon III iunusuru msitu huo na mashoka, ombi lililozaa matunda mwaka 1861 pale zaidi ya hekta 1,000 zilipotengwa kwa ajili ya uzuri wake. Sentensi isemayo tu kwamba Rousseau aliyapenda maumbile inamfaa yeyote kati yao. Mwandishi wa Kifaransa huliacha jina la kwanza kwa sababu msomaji wake anamjua anayetajwa; msomaji wetu hana ujuzi huo, kwa hiyo mtajieni jina kamili pamoja na mwaka wa kufariki, yaani 1778 kwa mwanafalsafa na 1867 kwa mchoraji wa Barbizon.

Mwanafalsafa ana mtego wake mwingine. Tumezoea kumwita Mfaransa, na hata mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jengo la makaburi ya watu mashuhuri wa Ufaransa jijini Paris, mwaka 1794, lakini alizaliwa Geneva, mji ulio Uswisi leo na ambao wakati huo pia haukuwa sehemu ya Ufaransa, naye alijivunia kujiita raia wa Geneva. Mimi huandika kwamba ni mwanafalsafa aliyeandika kwa Kifaransa.

Kisha yupo Henri Rousseau, aliyefariki mwaka 1910, mchoraji wa misitu minene yenye chui na simba. Tafsiri kadhaa nilizopokea zilimpeleka Afrika au Mexico, ilhali hakuwahi kutoka Ufaransa: mimea ile mikubwa aliitazama katika bustani ya Jardin des Plantes, Paris. Jina lake la utani, le Douanier, nalo hutafsiriwa haraka kuwa Afisa Forodha, cheo ambacho hakuwa nacho. Alikuwa karani wa kutoza ushuru wa bidhaa zilizoingizwa jijini, kazi aliyoiacha mwaka 1893 ili achore. Liacheni jina hilo katika Kifaransa, kisha elezeni kwa sentensi moja kwamba alikuwa mtoza ushuru na kwamba marafiki ndio waliomkweza cheo.