Je, Timu ya Mtaa Iendeshwe Kama Duka?

SWALI: Mhariri, mimi ni mweka hazina wa timu ya kandanda ya mtaa wetu hapa Likoni, na riziki yangu ni duka la vifaa vya ujenzi. Nilipendekeza timu iendeshwe kama duka: kila matumizi yawe na risiti, na mchezaji asiyezalisha aondolewe. Kocha akanijibu mbele ya kikao kwamba timu si duka. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Ndugu msomaji, katika suala la risiti haki ni yako, na nakuomba usilegeze kamba. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja vijana wamekwisha kuketi ndani ya matatu ya kwenda kucheza Changamwe, kondakta anadai nauli, na hakuna kiongozi anayejua mchango wa wiki iliyopita umekwenda wapi. Klabu ya Bandari ina Halmashauri ya Bandari nyuma yake; ninyi mna daftari lenu tu. Tena daftari hilo lisiishie kwenye fedha. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 23, na klabu ambayo haikumsajili rasmi itapata taabu kudai fungu lake.

Hata hivyo, kuhusu mchezaji naungana na kocha. Mfuko wa saruji ukikaa ghalani hadi ukaganda, una kila sababu ya kuutupa. Lakini kijana wa miaka 16 aliyekosa mabao miezi mitatu pengine amerefuka ghafla, na miguu yake bado haijazoea urefu huo. Ukimfukuza sasa, mtaa wa jirani utamvuna.

Iko tofauti nyingine ambayo wafanyabiashara wengi huisahau. Jirani yako akifunga duka, wateja wake huja kwako, ilhali wapinzani wenu wakivunja timu, ninyi hamna mchezo wa kuwaonyesha watu Jumapili. Ndiyo maana katika NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani (American football), ambako biashara haina mzaha, timu iliyoshika mkia ndiyo hupewa zamu ya kwanza ya kuchagua chipukizi wapya. Sijapata kumwona mwenye duka anayempisha jirani aliyefilisika achague bidhaa kabla yake.

Ushauri wangu ni kwamba muandikiane mipaka: wewe useme fedha zilizopo zinatosha safari ngapi na jezi ngapi, naye kocha aamue nani anacheza, bila mmoja kuingilia kazi ya mwenziwe. Kisha kila mwisho wa mwezi usome hesabu mbele ya wachezaji wote, pamoja na wale wa benchi, nao wapewe nafasi ya kukuuliza.