Viza ya kazi kwanza, tiketi baadaye

Mdogo wangu wa Wete, usimpe huyo wakala hata shilingi. Umeandika kwamba una stashahada ya ualimu, umepata nafasi ya kufundisha Kiingereza kwenye chekechea China, na unauliza kama mshahara unatosha, chakula cha halali kinapatikana, kozi gani ya ualimu wa Kiingereza uchukue, na uombe likizo bila malipo au uache kazi. Halafu katikati, kama jambo dogo, umetaja kwamba utaingia kwa viza ya biashara "itabadilishwa huko huko". Hapo ndipo nilipoiweka simu chini. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2018, kwenye ofisi yenye feni na ramani kubwa ya dunia ukutani.

Haibadilishwi hivyo. Viza ya kazi ya China ni ya herufi Z. Ya M ni ya mfanyabiashara anayekwenda kuangalia bidhaa na kurudi. Ili upate Z, mwajiri kule ndiye anayeanza kuomba, anapewa barua ya taarifa ya kibali cha kazi, anakutumia, nawe unaipeleka kwenye ofisi zao za ubalozi ungali hapa nyumbani. Ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Anayetaka kukupitisha njia nyengine anajua kwa nini. Kwa mwalimu wa lugha, kanuni zao zinataka shahada ya kwanza, na kimsingi mtu afundishe lugha yake ya mama. Kiingereza chetu kiwe kizuri namna gani, kwenye karatasi zao pasi ya Tanzania si ya mzawa wa Kiingereza. Mimi nilikuwa na shahada na miaka sita ya kufundisha Kidato cha Tatu na cha Nne, na bado mlango ulikuwa umefungwa. Wewe una stashahada.

Wakala wangu alilijua hilo. Alilijua siku aliyohesabu milioni nne na nusu zangu juu ya meza, na ndani yake bangili mbili za mama zilizopelekwa kwa sonara. Alilijua mpaka akanifundisha jibu kabisa: wazazi wa watoto wakiniuliza natoka wapi, niseme Afrika Kusini, maana nchi hiyo imo kwenye orodha yao ya wazawa wa Kiingereza. Nami nilikaa nikafanya mazoezi ya uongo huo. Mtu mzima, mwalimu!

Nilifundisha miezi mitano, karibu na Guangzhou. Watoto niliwapenda, wallahi. Nikiingia darasani wanapiga kelele "laoshi!", yaani mwalimu, wananikumbatia miguu nashindwa kutembea. Asubuhi moja tunaimba wimbo wa rangi, msaidizi wangu akaja mbio, akanishika mkono, akanisukuma ndani ya chumba wanachowekea magodoro ya watoto ya kulalia mchana. Nikajikunja chini ya rafu, ushungi umeroa jasho, harufu ya maziwa yaliyomwagika kwenye mashuka imenijaa puani. Nje nasikia viatu vya watu wazima. Watoto wakadhani ni mchezo wa kujificha. Kijisichana cha miaka minne kikafungua mlango, kikaninyooshea kidole, kikacheka kwa furaha kwamba kimeniona. Nyuma yake amesimama askari.

Sheria yao iliyoanza kutumika Julai 2013 inasema anayefanya kazi bila kibali anapigwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Mimi nilitozwa 10,000, nikakaa ndani siku saba, nikarudishwa. Nilikuwa nimeahidiwa 12,000 kwa mwezi, nikawa napewa 7,000, na mwezi wa mwisho sikuona kitu. Nilishuka uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, na begi moja, na mama alinipokea bila kuuliza habari ya bangili. Mpaka leo hajauliza.

Nilipompigia wakala alinambia, "Sasa wewe ulijifichaje mpaka mtoto akakuona?" Anayetaka kucheka acheke, lakini aje kwanza na bangili mbili mkononi.

Na hiyo ilikuwa 2019, kabla hawajakaza zaidi. Julai 2021 serikali yao ilipiga marufuku vituo vya mafunzo kuwafundisha watoto wa umri wa chekechea masomo ya darasani, lugha za kigeni zikiwemo. Korea Kusini nako, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza ni ya raia wa nchi saba zinazosema Kiingereza. Thailand wanawachukua wasio wazawa, Wafilipino wako wengi kule, lakini hata huko ni viza yao ya kazi, Non-B, na kibali cha kazi.

Kama hamu yako ni kutoka, kumbuka lugha yako ya mama ni Kiswahili, tena cha Pemba. Marekani wana mpango wa Fulbright uitwao FLTA, unaowachukua walimu vijana wa Kiingereza kutoka nchi nyengine wakafundishe lugha zao vyuoni kule, na Kiswahili kimo. Mpango huo unataka mtu awe na shahada. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo, anza hapo.

Halali Guangzhou ipo, hilo lisikusumbue. Kazi usiache. Mimi niliacha, na niliporudi nafasi yangu alishakaa mtu.

Umesema Alhamisi unapanda boti kuja Unguja kumkabidhi pesa. Kabla ya hapo mpigie, muombe kitu kimoja: hiyo barua ya taarifa ya kibali cha kazi, yenye jina lako na jina la skuli. Akikutumia mkataba au picha za madarasa, mwambie hukuomba hivyo. Halafu rudi hapa utwambie kakujibu nini. Hata ikiwa usiku wa manane, andika, nitakuwa macho.